Maswali ya Wasomaji: Nzi wa Maua na Kazi Zake Shambani

Barua nyingi za mwezi huu zinamhusu mdudu mmoja, ingawa waandishi wake hawajui kwamba wanamzungumzia yuleyule. Mmoja amemwona angani, mwingine kwenye jani la kabichi, mwingine ndani ya pipa la mbolea. Tumeziweka barua hizo pamoja.

Kwenye gugu la kishona nguo lililoota pembeni mwa shamba langu kuna vidudu vya manjano na nyeusi. Husimama hewani kama vimetundikwa kwa uzi, kisha huchomoka ghafla. Watoto huvikimbia wakidhani ni nyuki. Je, vinauma? (Mzazi, Kasese)

Haviumi wala havichomi. Hao ni nzi wa maua. Hawana mwiba, hawana sumu, na mdomo wao ni wa kulamba mbochi (maji matamu ya maua) na chavua tu. Rangi ya nyigu wameiazima: ndege aliyewahi kuchomwa na nyigu halisi hamgusi tena mdudu wa manjano na nyeusi, na nzi hufaidika na woga huo.

Vitabu husema hesabu mbawa: nzi ana mbili, nyuki na nyigu wana nne. Ni kweli, lakini shambani haisaidii sana, kwa sababu mbawa za nyuma za nyuki hunasana na za mbele zikaonekana kuwa kitu kimoja. Afadhali utazame kichwa. Macho ya nzi wa maua ni makubwa mno na hufunika karibu kichwa chote. Kwa madume wengi hukutana utosini. Vipapasi vyake ni vifupi, hata huvioni usipomsogelea, ilhali vya nyigu ni virefu na vimepinda. Nyigu ana kiuno chembamba, nzi hana. Nyuki aliyetoka kazini huwa na vidonge vya chavua kwenye miguu ya nyuma. Nzi hana mahali pa kuvibebea. Ukiwa na lenzi ya kukuza mara 10, utaona nyuma ya kila ubawa kijiti chenye kitufe, ambacho humsaidia kujisawazisha akiwa hewani huku mbawa zikipiga zaidi ya mara 100 kwa sekunde.

Duniani zimeelezwa spishi zipatazo 6,000, na Afrika kusini mwa Sahara ina mamia kati yake. Hapa Uganda utakutana na *Ischiodon aegyptius*, mwembamba, wa urefu wa sentimita moja hivi. *Paragus borbonicus*, mdogo mweusi ambaye wengi humpita bila kumwona. Na *Phytomia incisa*, mnene kama nyuki wa asali. Wapo pia wa jenasi *Eristalinus*, ambao baadhi yao wana macho ya mistari.

Ukitaka kuwaondolea watoto hofu, mfunike mmoja kwa gilasi wamtazame kwa karibu. Ila hakikisha macho na vipapasi kwanza, maana nyigu halisi hana mzaha.

Nina robo eka ya sukuma na kabichi. Majani yamejaa vidukari wa kijivu, na katikati yao nimekuta viminyoo vya kijani visivyo na miguu. Muuza dawa amenishauri nipulize cypermethrin niue vyote kwa pamoja. Nimsikilize? (Mama mkulima, Wakiso)

Subiri kwanza, mama. Hivyo viminyoo ndivyo watoto wa nzi tuliyemweleza hapo juu, na chakula chao ni hao vidukari.

Hakikisha kwanza unachokiona. Buu wa nzi wa maua hana miguu na hana kichwa kinachoonekana. Upande wa mbele amechongoka, nyuma amekuwa butu, na ngozi yake hupenya mwanga kiasi kwamba unaona utumbo mweusi ndani. Akikomaa hufika kama sentimita moja. Kiwavi wa nondo wa kabichi ni tofauti kabisa: ana kichwa na miguu, ukimgusa hujinyonganyonga akirudi nyuma, kisha hujiangusha na kuning'inia kwa uzi. Huyo hula jani na kuacha vidirisha. Buu wetu hali jani hata chembe. Hupapasa huku na huku kwa sehemu ya mbele, kwa kuwa ni kipofu. Akimgusa kidukari humnasa, humwinua juu, humfyonza hadi ngozi tupu, kisha huitupa. Buu mmoja anaweza kumaliza mamia kabla hajawa pupa.

Yai ni jeupe, refu kama punje ndogo sana ya mchele, milimita moja tu. Jike hutaga moja moja karibu na kundi la vidukari, akiongozwa na harufu ya maji matamu wanayotoa. Kwenye joto la Wakiso yai huanguliwa kwa siku 2 au 3, buu hula kwa wiki moja hadi mbili, kisha hugeuka pupa yenye umbo la tone, iliyogandishwa kwenye jani au iliyojificha udongoni. Baada ya wiki nyingine moja hadi mbili hutoka nzi. Kabale kwenye baridi mambo huenda polepole zaidi.

Sasa tazama dawa inafanya nini. Cypermethrin huua mabuu, mayai yanayoanguliwa juu ya jani lenye dawa, na nzi wanaotua. Vidukari wengi nao hufa, ila si wale waliojikunja ndani ya moyo wa kabichi, wala wale waliolindwa na ile nta ya kijivu. Kidukari jike hahitaji dume. Huzaa watoto hai, na mtoto huanza kuzaa mwenyewe baada ya wiki moja au siku kumi hivi. Nzi anahitaji wiki tatu au zaidi kurudisha kizazi chake, na lazima kwanza aje mwingine kutoka nje. Katika pengo hilo vidukari hujaa upya bila adui, na wewe unarudi dukani. Ndiyo maana baadhi ya wakulima hupuliza kila wiki na bado wanalalamika.

Fanya hivi. Tembea kwa zigizagi, chagua miche 20, na kwa kila mmoja kagua moyo na upande wa chini wa majani matatu. Nenda alfajiri, au usiku na tochi, kwa sababu mabuu wengi huwinda usiku na mchana hujibanza. Andika miche yenye vidukari, kisha kati ya hiyo, yenye mabuu, mayai, au vidukari waliovimba na kuwa rangi ya kahawia kama waliokauka (hao wameuawa na nyigu wadogo, nao ni upande wako). Sisi hutumia kanuni hii, ambayo ni ya shambani wala si ya maabara: kama nusu ya miche yenye vidukari ina mojawapo ya dalili hizo, usipulize chochote, rudi ukahesabu tena baada ya siku 4 au 5.

Kama dalili ni chache, ng'oa majani yaliyozidiwa uyafukie, kisha pulizia miche iliyoathirika peke yake maji ya sabuni: mililita 5 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa kila lita moja ya maji. Jaribu kwanza kwenye miche mitatu na usubiri siku nzima, kwa sababu sabuni nyingine huunguza majani. Usitumie sabuni ya unga. Pulizia jioni, chini ya majani, hadi yaloane. Sabuni huua kile inachokigusa tu, na ikikauka haina makali. Kwa hiyo buu uliyemlowesha atakufa, ila anayekuja kesho yuko salama. Mche wenye mabuu uruke. Dawa ya mbegu za mwarobaini, ambayo wenzetu wa kaskazini huitengeneza, nayo huwadhuru mabuu, kwa hiyo ichukulie kwa tahadhari ileile.

Ukiwa na kunde au maharage, chunguza sisimizi pia. Huwalinda vidukari kwa sababu ya yale maji matamu, na huwasumbua mabuu. Kabichi haina shida hiyo sana.

Je, nzi hawa wanaweza kuzuia ugonjwa wa roseti wa karanga? (Mkulima, Soroti)

Hapana, na anayekuambia wanaweza anakudanganya. Roseti huletwa na virusi vinavyobebwa na kidukari mweusi wa kunde, *Aphis craccivora*. Kidukari mmoja mwenye mbawa anayetoka kwenye mmea mgonjwa anatosha kuuambukiza mzima. Nzi wa maua huja baada ya kundi kuwa kubwa. Wakati huo virusi vimeshaingia. Mabuu husaidia kidogo kupunguza ueneaji wa baadaye kutoka shina moja hadi la jirani, basi.

Kinachozuia roseti ni kupanda mapema mvua zikianza, na kubana nafasi: sentimita 45 kati ya mistari, 10 hadi 15 kati ya mimea, na kuziba mapengo, kwa sababu vidukari hupenda kutua mahali ambapo udongo unaonekana kati ya mimea. Ng'oa karanga zilizojiotea kutoka msimu uliopita kabla hujapanda. Na utafute mbegu za Serenut zinazostahimili ugonjwa, zilizozalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Serere, ambacho kwenu si mbali.

Darasani tuliweka mabuu kwenye chupa tukawalisha vidukari. Walikuwa pupa, lakini kwenye baadhi hakutoka nzi, walitoka nyigu wembamba. Na mabuu wengine walitoweka kabla. Imekuwaje? (Mwanafunzi wa sekondari, Mbale)

Hongereni, mmeona mambo mawili kwa mkupuo. Hao nyigu karibu bila shaka ni *Diplazon laetatorius* au ndugu zake. Jike huingiza yai lake ndani ya yai la nzi wa maua au ndani ya buu mchanga. Buu huendelea kula vidukari kama kawaida, hugeuka pupa, na ndipo mgeni aliyemo ndani humla. Tazameni maganda ya pupa kwa lenzi: nzi akitoka hufungua mbele kama kifuniko, nyigu hutafuna tundu lenye kingo zilizochakaa. Kwa njia hiyo mnaweza kuhesabu hata pupa tupu mnazookota shambani.

Waliotoweka wameliwa na wenzao. Mabuu wa nzi wa maua wakikosa vidukari hulana. Weka buu mmoja kwa kila chupa, funika mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi kilichofungwa na mpira, weka karatasi ya chooni kavu chini, na kila siku ongeza jani jipya lenye vidukari wengi kuliko unavyodhani anahitaji. Matone ya maji yakikusanyika, ukungu huja na buu hufa. Ukiona ameacha doa jeusi la mafuta mafuta, amesafisha tumbo. Muda si mrefu atakuwa pupa, na hapo usimsumbue. Nzi akitoka, mpe siku nzima akaushe mbawa kisha mwachie, kwa sababu bila chavua jike hawezi kukomaza mayai.

Ndani ya pipa langu la mbolea ya maji ya samadi kuna funza weupe wenye mikia mirefu. Nimeogopa kuitumia. (Mkulima, Luweero)

Itumie. Huo mkia ni bomba la kupumulia, na hurefuka mara kadhaa kupita mwili, ili funza akae chini kwenye uchafu huku ncha ikifika juu kwenye hewa. Ni mabuu wa nzi wa maua wa kundi jingine, la akina *Eristalis*, *Eristalinus* na *Phytomia*. Hawa hawawindi, huchuja bakteria na mabaki yanayooza. Hawali mizizi wala hawaumi. Ukichuja mbolea, wamwage wakiwa na tope lao chini ya kivuli penye majani makavu. Wakikomaa hutambaa kutafuta mahali pakavu pa kuwa pupa, na ndiyo maana wakati mwingine mnawakuta wakivuka ua na kuwapigia makelele.

Tahadhari ni moja. Wakionekana kwenye kisima au tangi la maji ya kunywa, maji hayo yamejaa uozo na hayana oksijeni ya kutosha. Kuwatoa funza hakusaidii. Tangi lisafishwe, na maji yasinywewe.

Baadhi ya watu Ulaya huwatengenezea makazi kwa kuacha ndoo za maji yenye majani yanayooza bustanini. Hapa kwetu hatushauri. Ndoo kama hiyo karibu na nyumba ni kiwanda cha mbu, na ukiifunika kwa neti, nzi nao hawaingii. Pipa lako la samadi linatosha.

Kwa wapenzi wa Biblia: katika Waamuzi sura ya 14 Samsoni alikuta nyuki kwenye mzoga wa simba, na Wagiriki na Warumi wa kale waliamini kwamba nyuki huzaliwa na mzoga wa ng'ombe. Mwaka 1894 mtaalamu wa wadudu Osten-Sacken alieleza kwamba waliowaona huenda walikuwa *Eristalis tenax*, nzi anayefanana mno na nyuki wa asali. Hoja yake inashawishi kuhusu ng'ombe wa Wagiriki. Asali ya Samsoni ni shida zaidi, kwani nzi hatengenezi asali.

Nipande maua gani ili waje, na kwa kiasi gani? (Kikundi cha vijana wakulima, Mbarara)

Ulimi wao ni mfupi, kwa hiyo maua yenye bomba refu hayawafai hata yakiwa mazuri machoni. Wanataka maua madogo yaliyo wazi. Dania ndiyo tunayoipendekeza kwanza, kwa sababu mnaiuza pia. Acheni ukanda wa mita moja ukingoni, au mstari mmoja kila baada ya mistari kumi ya mboga, na muuache uchanue. Pandeni sehemu mpya kila baada ya wiki tatu, la sivyo maua yote yatakwisha kwa pamoja na nzi wataondoka siku ileile. Acheni pia miche michache ya sukuma iliyozeeka itoe maua ya manjano.

Magugu nayo yana kazi. Kishona nguo, yaani ssere ya Waganda, na kafumbe, huchanua karibu mwaka mzima na hutembelewa sana. Msiyaache ndani ya mistari. Yaacheni ukingoni na kuyafyeka kabla hayajatoa mbegu, nusu moja wiki hii na nusu nyingine baada ya wiki tatu. Gugu la namirembe (*Ageratum*) huvutia nzi vilevile, lakini hutunza virusi vinavyosambazwa na nzi weupe, ambao si nzi wa maua bali vidudu vidogo wanaofyonza majani, kwa hiyo kwenye shamba la nyanya iondoeni kabisa.

Hamna haja ya kununua wala kufuga wadudu. Nzi hawa husafiri: utafiti wa rada uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kati ya bilioni 1 na 4 huvuka anga ya kusini mwa Uingereza kila mwaka. Mnapotaka kuharakisha mambo, kateni majani yenye mabuu kutoka sehemu iliyozidiwa na myabane kwenye miche yenye vidukari isiyo na mabuu, buu mmoja au wawili kwa mche, jioni.

Wana faida kwenye kahawa? (Mkulima wa Robusta, Masaka)

Ndiyo, ila nyuki wanawazidi. Robusta haiwezi kujichavusha kwa chavua ya mti wenyewe, kwa hiyo upepo na wadudu ni lazima. Arabika hujimudu zaidi. Maua ya Robusta hufunguka kwa pamoja siku chache baada ya mvua na kukaa siku chache tu. Nzi wa maua hana mzinga wa kurudia, hivyo huzurura mti hadi mti bila haraka ya kwenda nyumbani. Kwenye miinuko yenye baridi, kama ile ya Elgon na Rwenzori, nzi kwa jumla hushika kazi kubwa zaidi ya uchavushaji kuliko huku chini. Siku za maua usipulize dawa ya wadudu, hata kama inalenga wadudu wengine.

Nimenunua sukuma sokoni nikakuta funza wa kijani kwenye majani. Je, ni sumu? (Mama wa nyumbani, Jinja)

Si sumu, mama. Ukiwakuta, ni dalili kwamba mboga hiyo haijapulizwa dawa kali siku za karibuni. Loweka majani kwenye maji yenye kijiko kimoja cha chumvi kwa kila lita, kwa dakika 10 hadi 15. Mabuu na vidukari wengi hulegea na kuachia. Kisha suuza jani moja moja chini ya maji yanayotiririka, ukifungua mikunjo karibu na kikonyo, kwani ndipo wanapobanwa. Pupa hazitoki kwa kulowekwa. Zing'oe kwa ukucha.